Satelite Iliyoambiwa Ilale

Ukitaka kujua Théophile Wilondja anafanya kazi gani pale Kalemie, usimwulize mwenyewe. Atakukalisha, atakushika mkono, na chai yako itapoa mbele yako. Niulize mimi. Théophile anaongea na sanduku. Sanduku lenyewe halizidi katoni ya sabuni, linazunguka dunia huko juu, na jina lake ni Ndagala, kwa sababu ni dogo na linang'aa kama dagaa, na kwa sababu walioombwa kulichagulia jina ni wavuvi. Ulitaka waliite nani, Gabrieli?

Kazi ya Ndagala ni hii. Katikati ya ziwa simu hazishiki. Boti ikiharibika huko, unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, na anayekusikia ni Mungu peke yake, naye hana desturi ya kupiga simu. Basi mabotini kumegawiwa vidude vyenye kitufe chekundu na taa ndogo. Ukipata shida unabonyeza. Ndagala akipita juu yako anaokota ujumbe wako na mahali ulipo, taa inawaka kijani, unajua umesikiwa. Akifika juu ya Kalemie anautema ule ujumbe kwenye antena iliyo juu ya biro, yaani ofisi, ya Théophile. Biro ni nyumba ya zamani ya reli, juu kidogo ya stesheni, yenye kuta nene na choo ambacho hatutakitaja.

Programu zinazomwambia Ndagala afanye nini, lini asikilize, lini ateme, lini apumzike, zinatoka humo humo, kwa kazi ya watu wanne, na Théophile ndiye kiongozi wao. Usidhani kazi hiyo inaisha siku sanduku linaporushwa. Hapo ndipo inapoanza. Chombo kinazeeka, watu wanabadilisha mawazo, na kila mara lazima uandike kitu kipya, ukijaribu mezani kwenye pacha wa Ndagala, sanduku jingine kama lile, halafu ukirushe juu na kuomba Mungu.

Théophile alisoma Lubumbashi, kisha akapelekwa semina, akarudi ameokoka. Kanisani alikuwa ameshaokoka tangu utoto, maana wazazi wake ni watu wa Fizi walioteremka na ziwa wakifuata samaki, Biblia kwenye mzigo. Safari hii aliokoka kwa namna ya kufanya kazi. "Usipike sufuria nzima miaka miwili, halafu ukute wageni hawali chumvi," alikuwa akisema. "Pika kijiko. Onjesha. Uliza. Ongeza. Vipande vidogo!" Aliyasema hayo sokoni Kataki, aliyasema matangani, na siku ya harusi ya dada yake Aimée aliposimama kutoa nasaha, alimshauri bwana harusi ampende mke wake kwa vipande vidogo. Kuanzia siku hiyo akawa Papa Vipande. Watoto wa mtaa wake wa Lubuye wanamwita hivyo akiwa mbele yao, wakubwa wanangoja apite.

Ana koti moja la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka namna gani. Kiongozi, anasema, lazima aonekane kiongozi. Mama yake, Mama Agathe, anasema lile koti lina akili kuliko aliyelivaa, maana lenyewe angalau linajua kunyamaza.

Sasa, katika dini hii mpya ya Théophile kuna ibada ya kila asubuhi: mkutano wa kusimama. Watu wote wanasimama ili miguu ichoke na maneno yawe mafupi, na kila mmoja anajibu maswali matatu. Jana nilifanya nini? Leo nitafanya nini? Nini kinanizuia? Kisha kazi. Kwenye semina ule mkutano ulikuwa unakwisha kabla kahawa haijapoa.

Lakini Kalemie ni Kalemie. Huwezi kumrukia mtu na jana yake kabla hujamuuliza kama ameamka. Ukishamuuliza kama ameamka, lazima umuulize watu wa nyumbani, mguu wa mama mkwe, mtoto aliyekuwa na homa, na kama wezi wamerudisha ile baiskeli. Halafu naye akuulize wewe. Wakiwa wanne, fanya hesabu mwenyewe. Mkutano wa kuokoa muda ulikuwa unakula nusu ya asubuhi, na Théophile hakuthubutu kuufupisha, kwa sababu siku alipojaribu, walinuna wote mpaka jioni.

Tena kulikuwa na Papa Jean-Marie. Huyu ni mvuvi mstaafu aliyechaguliwa na wavuvi wenzake awe mdomo wao pale biro: yeye ndiye anayesema wenye maboti wanataka nini, na lipi lifanywe kwanza. Papa Jean-Marie alikuja na kiti chake kutoka nyumbani.

"Papa," Théophile alimwambia kwa heshima zote, "huu ni mukutano wa kusimama."

"Basi simameni, wanangu. Nani amewakataza?"

Na kwa kuwa si adabu kijana kumwongelea mzee kutoka juu, wale watatu waliosimama walilazimika kuinama. Ungepita dirishani ungedhani wanatafuta sindano iliyoanguka.

Wengine wawili ni Ruben na Abigaël. Ruben anashughulika na antena na umeme, na kwa kuwa vyote viwili vina tabia ya kufa, yeye ni mtu wa kuongea polepole. Abigaël ndiye anayeandika zile programu zinazokaa ndani ya Ndagala mwenyewe. Ametoka Nyunzu, mji wa reli, mbali na maji, na ulimi wake unakata. Aliwahi kumwambia Théophile kwamba anaongoza vizuri sana, hasa akiwa safarini.

Kazi zao wanaziandika kwenye vikaratasi na kuvibandika kwenye mlango wa zamani uliong'olewa chooni na kuegemezwa ukutani. Mlango umegawanywa sehemu tatu: Itafanywa, Inafanywa, Imekwisha. Upepo wa ziwa ukiingia dirishani, kazi ambazo hazijaguswa zinaruka na kujikuta zimekwisha. Théophile anasema hilo ni kosa la gundi.

Semina ilimfundisha kupanga kazi kwa majuma mawili mawili, na kila majuma mawili yakiisha uwaite wenye kutumia chombo, uwaonyeshe ulichofanya, nao wakuseme. Wazo zuri. Ila hakuna aliyekuja. Wavuvi wa ndagala usiku wako ziwani na taa zao, mchana wamelala kama mawe. Mara mbili Théophile aliandaa maonyesho na kuvionyesha viti vitupu.

Ni Papa Jean-Marie aliyemwokoa. "Fuata mwezi," alimwambia. Mwezi ukijaa, taa ya mvuvi haina kazi. Samaki hawezi kufuata kitaa chako wakati angani kuna kikubwa zaidi. Basi wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu, wanagombana na wake zao, wanatafuta mahali pa kwenda. Kwa hiyo kazi ya biro ikapangwa kutoka mwezi mpevu mpaka mwezi mpevu, na kipindi kimoja wakakiita giza. "Hii tutaiweka giza hili ama giza lijalo?" ndivyo wanavyoulizana hadi leo. Mgeni mmoja kutoka Kinshasa aliyewasikia alitoka nje akapiga simu kuuliza kama ile biro ni dhehebu.

Na maonyesho yakapendeza, lazima niseme ukweli. Ukumbi wa biro ulijaa wavuvi, bukari, yaani ugali, ikatoka, samaki wa mikebuka wakatoka, na mvuvi aliyeshiba haogopi kompyuta. Waliponda, walisifu, walidai. Théophile alikuwa akirudi nyumbani amejaa furaha hata ngazi hazioni. "Tunawasikiliza wenye ziwa," alikuwa akisema. "Wote."

Wote. Likumbuke neno hilo.

Ikafika siku betri ya Ndagala ikaanza kuchoka. Akipita upande wa kivuli cha dunia alikuwa anarudi hoi. Kwenye maonyesho ya mwezi ule Abigaël aliwaeleza wavuvi kwamba bila kumpunguzia kazi, Ndagala hatafika mwaka mwingine. Papa Jean-Marie akajiweka vizuri kwenye kiti chake.

"Mbalamwezi ikiwaka sisi tuko nchi kavu," alisema. "Huyu Ndagala anamutafuta nani juu ya maji? Na yeye alale, sawa na sisi."

Wavuvi wakapiga makofi. Ilikuwa haki kabisa: mwenye kazi apumzike na wenzake. Théophile akatoa kikaratasi papo hapo, akaandika: *Ndagala alale mwezi ukijaa.*

"Ngoja," Abigaël alisema. "Tuko na hakika hakuna muntu ziwani wakati ule?"

Théophile akacheka kicheko cha mtu aliyezaliwa na jibu mdomoni. "Abi, miye mutoto wa muvuvi. Mwezi ukijaa, baba alikuwa nyumbani wiki nzima. Njo yeye alikuwa anatupikia bukari. Na bukari gani! Chini imeungua, katikati unga mubichi, ungeweza kuezeka nayo nyumba. Miye nilikuwa najua mwezi umejaa kwa meno, siyo kwa macho."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Wengine walikuwa na baba wa namna hiyo hiyo, wakaanza kushindana bukari ya nani iliungua vibaya zaidi. Abigaël akainua mikono. "Nyinyi wa ziwa njo munajua. Kwetu Nyunzu maji tunayoyajua ni ya kisima."

Akaiandika ile programu. Wakaijaribu kwenye pacha wa mezani, pacha akalala vizuri, akaamka vizuri. Théophile akaongeza neno la kiongozi: "Akilala, alale kabisa. Na sikio lifungwe, linakula betri bure." Abigaël aliendelea kuandika. Programu ikarushwa juu, Ndagala akaipokea, kikaratasi kikahamia Imekwisha, na safari hii hakikupelekwa na upepo. Théophile akanunua soda kwa wote.

Mwezi ukajaa. Ndagala akalala. Ruben akalala. Na siku ya maonyesho ilipofika, Théophile alisimama mbele ya wavuvi na koti lake, jasho likimtiririka, akawaonyesha ukutani, kwa hesabu za pacha wa mezani, jinsi betri ilivyokuwa inanenepa. Alikuwa anawaambia kwamba hii ndiyo faida ya kumsikiliza mtumiaji, aliposukuma mlango Aimée, dada yake, mtoto mgongoni.

"Kaka, samahani. Mama yuko wapi?"

"Mama? Si nyumbani kwake?"

"Nyumbani gani? Aliondoka juzi na boti ya yule kijana Exaucé, wanapeleka mawese Kigoma. Mama Lucie wa Kigoma amepiga simu, boti haijafika. Nikamwambia asihangaike, kaka anamuona mama kwenye masini yake." Akasogea kwenye ile picha ya ukutani, akainua kidevu. "Basi angalia. Yuko wapi?"

Hapa lazima nikwambie jambo kuhusu Mama Agathe. Ni mfanyabiashara wa ziwa, mwanamke wa mitungi ya mawese kwenda na magunia ya chumvi kurudi, na Kigoma wanamjua kuliko wanavyomjua mkuu wa soko. Kidude cha kwanza kabisa kilichotoka kwenye katoni, kabla wavuvi hawajapata, Théophile alikipeleka kwa mama yake. Alikifunga mwenyewe kwenye pindo la kitenge. "Mama, ukibonyeza hapa, miye ninakuona." Mama Agathe alimcheka, lakini tangu siku ile aliacha kubembeleza ufuko, alianza kukata ziwa katikati, na kuwatambia wenzake kwamba ana mtoto angani.

Théophile aliangalia ukuta. Betri ilikuwa imenenepa vizuri sana. Akaangalia ule mlango wa chooni, kikaratasi chake kikiwa kimebandikwa sawasawa chini ya Imekwisha, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ndipo bukari ikamrudia. Kwa nini baba alikuwa anapika? Baba yake, marehemu, mtu ambaye hakujua chumvi inakaa wapi ndani ya nyumba yake! Alipika kwa sababu mama hakuwepo. Na mama hakuwepo kwa sababu mwezi umejaa, na mwezi ukijaa wanaovuka na mizigo wanaona mawimbi, wanaona miamba, wanamwona hata mwizi akija. Mbalamwezi ndiyo saa yao ya kazi. Wanaume wakirudi nchi kavu kupumzika, wanawake ndio wanaingia majini. Alikula bukari iliyoungua utoto wake wote, aliwachekesha watu nayo kwenye kila karamu, na hata mara moja hakuuliza mpishi wa siku zote amekwenda wapi.

Na kuna baya zaidi. Katika maonyesho yale yote, na bukari yote ile na mikebuka, hakuna hata mwanamke mmoja wa biashara ya ziwa aliyewahi kuja kusema neno. Wangekujaje? Maonyesho yalikuwa yanafanywa mwezi ukijaa. Walikuwa ziwani.

Théophile alikaa chini. Kiti cha karibu kilikuwa na Papa Jean-Marie, kwa hiyo alikaa sakafuni na koti lake, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wavuvi wazima, na alisema, "Nimemuua mama. Nimemuua mama yangu." Hakuna aliyecheka. Aimée alipoelewa, alimshusha mtoto mgongoni akampa mtu wa karibu.

"Simama," Abigaël alisema.

"Amelala, Abi. Amelala na sikio limefungwa."

"Halikufungwa."

"Nilikuambia ulifunge!"

"Uliniambia. Sikulifunga. Niliacha tundu. Kila siku akipita juu yetu mchana anaisikiliza antena yetu tu, kidogo, kisha anarudi kulala."

Na amini usiamini, yule mtu, machozi bado yako kidevuni, alifungua mdomo akasema: "Na kikaratasi chake kiko wapi? Mbona hukukiweka mulangoni?"

"Théophile. Unataka kikaratasi ama unataka mama?"

Akasimama.

Ndagala alikuwa karibu kupita. Shida ya kwanza ilikuwa antena: mota ya kuigeuza ilikuwa imeungua tangu mvua za mwisho, na Ruben alikuwa anaisukuma kwa mkono, polepole, kama anavyofanya mambo yote. Lakini siku ile upepo wa kusini ulikuwa unavuma kwa hasira, na antena ilikuwa inarusha kichwa. Ruben alishuka nusu ya ngazi akasema, bila haraka, kwamba peke yake haiwezekani.

Hapo Papa Jean-Marie akafanya kitu ambacho biro ile haikuwahi kukiona. Alisimama. "Wanaume!" aliita. "Kamba!"

Wavuvi walitoka nje wote. Walipanda juu ya bati la ile nyumba ya reli na kamba za nyavu, wakafunga antena kushoto na kulia, nusu wakashika upande huu, nusu upande ule, na Ruben katikati akiwaonyesha kwa kidole. "Kushoto!" "Kushoto yako ao yetu?" "Yake!" "Yake nani?" Ilikuwa fujo tupu mpaka Papa Jean-Marie, chini uani, alipoanza kuwaimbisha ule wimbo wa kuvuta wavu. Basi mikono ikajua yenyewe. Antena ikatulia, ikaanza kugeuka taratibu kufuata kitu ambacho hakuna aliyekiona, wavuvi wakivuta anga kama wanavuta wavu wa makila.

Ndani, Théophile alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta, vidole vinakimbia. Aliandika Ndagala aamke, ajigeuze, atafute kidude cha mama kwanza, aache vingine, apime betri, ateme habari zote, arudi tena... Abigaël alimshika mkono.

"Ile yote haipiti kwenye lile tundu. Itakatika katikati. Kipande kidogo, Théo. Njo weye ulitufundisha."

Alimwangalia. Wallahi nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno yake mwenyewe. Akafuta yote. Akaandika neno moja: *Amka.* Akalirusha. Akalirusha tena. Juu ya bati wimbo unaendelea, bati linalia, vumbi la dari linaanguka juu ya koti la kijivu, naye anarusha neno lile lile. *Amka. Amka. Amka.*

Ndagala alijibu alipokuwa anakaribia kuzama upande wa pili. Kajibu kadogo, ka mtu aliyeamshwa na mkono begani: *Niko.*

Kisha ikabidi kungoja, maana Ndagala aliyeamka lazima azunguke dunia nzima ndipo apite tena juu ya ziwa na kuokota vilio vya watu. Hakuna wa kumharakisha. Wavuvi hawakushuka kutoka kwenye bati. Aimée alisali, wengine wakamwitikia, na sitaficha kwamba kuna mmoja aliyemalizia mikebuka. Théophile alikaa na mikono katikati ya magoti, anatazama kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na kitu.

Akapita tena. Wakaimba, wakavuta, na kwenye kioo ukateremka ujumbe mmoja tu, kwa sababu ziwa zima lilikuwa na kidude kimoja kinacholia. *Mama Agathe. Kitufe chekundu.* Na mahali: maji ya mbele ya Kabimba. Injini imekufa, upepo wa kusini unawasukuma kwenye mawe.

Papa Jean-Marie ana mpwa Kabimba, karibu na kiwanda cha simenti. Alimpigia simu, na kama kawaida alianza kumuuliza kama ameamka. "Papa!" walipiga kelele wote pamoja. Basi akaacha salamu, kwa mara ya pekee maishani mwake, akasema mahali boti ilipo. Kule Kabimba nako wavuvi walikuwa wamekaa nchi kavu sababu ya mwezi, injini zao nzima, hawana la kufanya. Walitoka na maboti. Jioni simu ikaja: boti ya Exaucé imevutwa, inavuja, watu wote wazima. Kuna mama mmoja ndani, walisema, anayetukana bila kurudia tusi.

Théophile alicheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Ruben, akamkumbatia na Abigaël ambaye hakupenda.

Kesho yake alfajiri alikwenda bandarini kumpokea, koti limepigwa pasi. Alingoja. Jua lilipanda, boti hazikuja. Simu ikalia, ni Ruben. "Rudi biro," alisema polepole. "Mama yako alikuja na lori ya simenti. Hakutaka kupita nyumbani. Anauliza ule mukutano unaanza lini."

Alimkuta amesimama mbele ya mlango wa chooni, mweupe wa vumbi la simenti tangu kilemba mpaka kandambili, anasoma vikaratasi kimoja kimoja. Kidude kilikuwa bado kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Théophile alimkimbilia. Mama Agathe alimwekea kiganja kifuani, hapo hapo, usije karibu.

Papa Jean-Marie alikuwa ameshanyanyuka na kumsogezea kiti chake mwenyewe. "Kaa, Mama."

"Nasikia hapa munasimama," alisema Mama Agathe. "Nitasimama. Yale maswali ninayajua. Tuliyasikia sote kwenye harusi ya Aimée, pamoja na vipande vidogo."

Akasafisha koo.

"Jana nilifanya nini? Jana nilichota maji kwenye boti na sufuria. Juzi vilevile nilichota maji. Nikichoka kuchota nabonyeza kitufe. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, na taa haikuwaka. Exaucé akalia, kijana mukubwa vile. Nikamuambia nyamaza, mutoto wangu ananiona, iko tu inachelewa kidogo." Alikigusa kidude pindoni. "Mchana taa ikawaka kijani. Nikamuambia Exaucé, si nilikuambia? Kumbe ndiyo mulikuwa munaamuka."

Théophile hakuweza kumtazama usoni. Alitazama miguu ya mama, na hata miguu ilikuwa na vumbi la simenti.

"Leo nitafanya nini? Leo nitauza mawese yaliyobaki. Na mwezi bado unawaka; boti ikizibwa nitavuka tena, kwa sababu chumvi haitembei peke yake."

Hapo akang'oa kile kikaratasi chini ya Imekwisha. Hakukichana. Alikirudisha mwanzo wa mlango, chini ya Itafanywa, akakigandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Na nini kinanizuia?" Sasa alimtazama. "Weye, Théo. Andika."

Théophile alichukua kikaratasi kipya, akaandika jina lake mwenyewe, akalibandika pembeni mwa kile kingine. Jina likakaa upande. Akavua koti. Akaliweka juu ya meza, na bila koti alionekana mdogo, kijana wa Lubuye tu mwenye mikono myembamba. Kisha akamuuliza mama yake swali ambalo alipaswa kumuuliza tangu akiwa na meno ya utoto.

"Mama, mwezi ukijaa, ulikuwa unaenda wapi?"

Mama Agathe alijipangusa vumbi la simenti usoni. Halafu akakivuta kile kiti cha Papa Jean-Marie, akakaa, maana jibu lilikuwa refu.